Kauboi Asiyecheka na Filamu Zilizogeuka Majivu

Kizazi changu kilimjua kauboi kupitia kwa Waitaliano. Walioingia katika majumba ya sinema ya Nairobi, Mombasa na Kisumu miaka ya sabini watamkumbuka yule mtu wa joho na sigara, awezaye kuwaua watu wanne kabla kiberiti hakijazimika, kisha akaondoka bila ya kumuaga mtu. Tulidhani huyo ndiye mwanzo wa mambo. Kumbe alikuwa mjukuu, tena mjukuu aliyelisahau jina la babu yake. Babu mwenyewe aliitwa William Surrey Hart. Nataka kusimulia maisha yake leo, maadamu wanaomjua wamebaki wachache, na filamu za enzi yake zimekuwa adimu kama wali wa daku.

Hart alizaliwa tarehe 6 Desemba mwaka 1864 katika mji wa Newburgh, jimbo la New York, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikiwa bado havijamalizika. Baba yake alikuwa fundi wa vinu vya kusagia nafaka, na kazi hiyo ilimlazimu kuhamahama na familia yake kuelekea magharibi, popote palipohitajika kinu. Kijana akakulia mipakani, katika nchi ya Dakota na majimbo jirani, karibu na watu wa Sioux. Mwenyewe alisimulia maisha yake yote jinsi alivyocheza na watoto wao na kujifunza lugha yao. Wako wanaosema kwamba alitia chumvi. Hilo halinisumbui sana, kwa kuwa hata ukiipunguza chumvi hiyo kwa nusu, bado unabaki na mtu aliyeiona nchi ya makauboi kwa macho yake kabla haijageuzwa kuwa hadithi ya kuuzwa.

Hakuwa kauboi, lakini. Familia ilirejea New York, na kijana akajiingiza katika uigizaji wa jukwaani. Kwa zaidi ya miaka 20 alizunguka Marekani na makundi ya waigizaji, akicheza Shakespeare leo na michezo ya machozi kesho, akilala katika hoteli za bei ya chini na wakati mwingine akikosa kazi kabisa. Mwaka 1899 alipata sehemu ya Messala katika mchezo wa Ben-Hur ulipotolewa kwa mara ya kwanza Broadway, ule mchezo uliokuwa na mashindano ya magari ya kukokotwa na farasi wa kweli, wakikimbia jukwaani juu ya mikanda iliyozunguka chini ya kwato zao. Baadaye akaanza kupewa sehemu za watu wa magharibi, katika The Squaw Man mwaka 1905, kisha katika The Virginian. Watazamaji wa mijini walimwamini. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye uso mrefu kama wa farasi na midomo iliyobanwa, na hakuwa na tabasamu la bure.

Ikawa siku moja, akiwa safarini na kundi lake, aliingia katika jumba la sinema mjini Cleveland, akatazama filamu ya makauboi. Alitoka amekasirika. Mavazi yalikuwa ya uongo, farasi walipandwa ovyo, na watu walifanya mambo ambayo mtu wa nchi ile hangeyafanya hata akiwa amelewa. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba watu ukumbini waliyakubali yote. Hapo ndipo alipoamua kwamba yeye atazitengeneza filamu hizo kama inavyopasa. Tukumbuke kwamba wakati huo alikuwa anakaribia miaka 50, umri ambao mwigizaji wengi wao huanza kuhesabu siku za kustaafu.

Filamu za makauboi zilikuwapo tayari kwa miaka kumi. Mwaka 1903 Edwin Porter alitengeneza The Great Train Robbery, hadithi ya wizi wa garimoshi iliyochezwa kwa dakika zipatazo 12, na kwa kinaya cha mambo sehemu kubwa ilipigwa katika jimbo la New Jersey, mashariki kabisa mwa nchi. Miongoni mwa waigizaji wake alikuwamo Gilbert Anderson, ambaye baadaye alijulikana ulimwenguni kwa jina la Broncho Billy na akatengeneza mamia ya filamu fupi za aina hiyo. Anderson alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Arkansas, jina lake la kuzaliwa Max Aronson, na alipoanza hakuwa mpanda farasi wa kusifiwa. Kwa hivyo hasira ya Hart haikuwa ya kubuni.

Aliyempa nafasi ni Thomas Ince, rafiki yake wa tangu siku za ukata jukwaani, ambaye kufikia 1914 alikuwa ameshatajirika kwa filamu. Ince alimiliki kambi kubwa katika bonde moja karibu na Santa Monica, pwani ya California. Alikuwa amekodi kikosi kizima cha maonyesho ya makauboi, pamoja na farasi wao, ng'ombe wao na familia za Wasioux waliopiga mahema yao juu ya kilima wakilipwa kuigiza kushindwa kwao wenyewe. Alimwonya Hart kwamba soko limekwisha kushiba filamu za makauboi. Alimlipa dola 75 kwa juma. Hart akakubali, na filamu yake ndefu ya kwanza, The Bargain, ikatoka mwaka huohuo ikiwa na picha zilizopigwa katika bonde kuu la Grand Canyon. Katika miaka michache akawa mmoja wa waigizaji waliolipwa fedha nyingi zaidi Marekani. Ince alikawia kumpandishia malipo, na urafiki wao ukaingia doa ambalo halikutoka.

Sasa niseme ni kitu gani kilichomo katika filamu hizo, maana msomaji wa leo anaposikia sinema ya kimya huwaza watu wanaokimbia upesiupesi kama kuku waliotishwa. Kasi ile si ya filamu yenyewe. Zilipigwa kwa kuzungushwa mkono, picha chache kwa kila sekunde kuliko za leo, na mtu akiziendesha kwa mtambo wa kisasa bila kurekebisha mwendo, hata maziko hugeuka kichekesho. Wala hazikuwa kimya. Ukumbini kulikuwa na piano au bendi nzima, na usiku ulitiwa rangi ya buluu, moto ukatiwa nyekundu. Zikiendeshwa kwa mwendo wake, mambo hubadilika. Hart alicheza polepole kuliko mtu yeyote wa zama zake. Husimama mlangoni mwa baa, hasogei, na wewe mtazamaji unajua kwamba kuna mtu atakayejuta.

Chukua Hell's Hinges ya mwaka 1916, jina ambalo twaweza kulifasiri kuwa Bawaba za Jahanamu. Kuna mji wa walevi na wacheza kamari. Kanisa mashariki linamtuma kasisi kijana, mtu dhaifu ambaye wito wake ni wa mama yake zaidi kuliko wake, na anafuatana na dada yake. Mwenye baa anamwajiri jambazi mmoja, Blaze Tracy, awafukuze wageni hao. Jambazi huyo ndiye Hart. Anakwenda kuwapokea akiwa na bastola zake mbili, anamwona yule dada, na kitu kinamgeuka moyoni bila ya neno lolote kusemwa. Hadi hapo ni hadithi ya kawaida. Lakini angalia inakoelekea. Anayeanguka ni kasisi. Analeweshwa, anatongozwa, na mwishowe anaukimbilia umati unaokwenda kulichoma kanisa lake mwenyewe, akauawa hapo hapo. Jambazi anarudi na kukuta majivu. Anawazuia wanaume wa mji mzima kwa bastola mbili, anaiwasha moto baa, na mji wote unateketea mbele ya kamera ya Joseph August, wanaume wakikimbia kama vivuli ndani ya moshi. Nimeitazama mara kadhaa, na kila mara naona kwamba wengi wa waliokuja baadaye, wenye sauti na rangi na mamilioni, hawakuthubutu kufika mahali hapo. Mwaka 1994 serikali ya Marekani iliiweka katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa, na ilistahili.

Farasi wake pia asisahauliwe. Aliitwa Fritz, mdogo wa umbo na mwenye mabaka, na Hart akiwa mtu mrefu miguu yake ilining'inia kidogo. Walianguka pamoja, wakavuka mito pamoja. Fritz ndiye farasi wa kwanza kuwa na jina miongoni mwa watazamaji wa filamu za makauboi. Hart alipogombana na Ince alimwondoa Fritz asionekane katika filamu kwa muda, kama mfanyakazi aliyegoma, na mwaka 1922 akachapisha kitabu cha visa ambacho msimulizi wake ni farasi huyo. Najua wasomaji watacheka. Nami nilicheka.

Hata hivyo siwezi kumsifu mtu huyu kama asiye na ila. Mwaka huohuo wa 1916 alitengeneza filamu iitwayo The Aryan. Humo mchimba dhahabu anadhulumiwa na watu wa mji, anafichwa habari za mama yake aliye mahututi, na mama anafariki bila ya kumwona. Kwa uchungu anawakana wazungu wenzake, anakwenda jangwani na kuwa mkuu wa genge la Wameksiko na wenyeji asilia. Wanapofika wasafiri wa kizungu walioishiwa maji, anawakatalia msaada. Kinachomgeuza ni msichana, aliyechezwa na Bessie Love, anayemkumbusha kwamba yeye ni mzungu na kwamba mzungu humlinda mwanamke wa rangi yake. Yaani uovu wake umehesabiwa kuwa ni kuishi na watu wa rangi nyingine, na wokovu wake ni kurudi kwa walewale waliomdhulumu. Hata katika Hell's Hinges mwenye baa anaelezwa kwa maneno yanayowatukana Wameksiko.

Mtu mweusi atazameje mambo hayo? Wako watakaosema filamu kama hiyo ingeachwa ioze. Mimi sikubaliani nao. Hart alijivunia maisha yake yote kwamba aliwajua Wasioux na kuwaheshimu, na sidhani alikuwa akisema uongo. Lakini ni mtu yuleyule aliyeigiza The Aryan, na watu wa miji yote ya Marekani wakalipa kuitazama. Ushahidi wa namna hiyo hauandikwi tena mahali pengine popote kwa uwazi kiasi kile. Ikipotea, tutabaki na maelezo ya wajukuu wao kwamba mambo hayakuwa mabaya hivyo.

Tena upotevu wenyewe haukuwa wa haki. Inakadiriwa na wanahistoria kwamba kati ya makauboi wanne waliochunga ng'ombe katika njia za magharibi, pengine mmoja alikuwa mtu mweusi. Katika filamu za Hart humwoni. Lakini alikuwapo Bill Pickett, mzaliwa wa Texas, aliyebuni ustadi wa kumrukia fahali kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa kumkamata pembe. Katika mwaka 1922 kampuni ya Richard Norman ya Jacksonville, Florida, iliyotengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji weusi, ilimpiga picha katika The Bull-Dogger. Filamu hiyo leo haipo kamili. Vimebaki vipande tu, Pickett akiwa ndani yake, farasi akikimbia, kisha picha inakatika.

Kwa nini zilipotea? Sababu ya kwanza ni utepe wenyewe. Ulitengenezwa kwa naitreti, kitu kilicho na undugu na baruti. Ukiwaka hauzimiki kwa maji, kwa sababu hujitengenezea hewa yake ya kuwakia, na hata usipowaka huoza polepole mpaka ukawa gundi, kisha unga. Sababu ya pili ni kwamba wenyewe hawakuziona kuwa na thamani. Sauti ilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu ya kimya ilionekana kama gazeti la jana. Makampuni yaliziyeyusha ili kutoa fedha iliyomo ndani ya tepe. Tarehe 9 Julai 1937, wakati wa joto kali, ghala la kampuni ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, lililipuka, na zaidi ya reli 40,000 za filamu zikateketea. Humo ndimo zilimokwenda sehemu kubwa ya filamu za Tom Mix, ambaye alimrithi Hart katika mapenzi ya watazamaji. Mwaka 1948 kampuni ya Universal iliziharibu kwa makusudi filamu zake za kimya zilizosalia. Uchunguzi wa Maktaba ya Bunge la Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulihesabu filamu ndefu za kimya 10,919 zilizotengenezwa na Wamarekani kati ya 1912 na 1929. Zilizobaki kamili katika umbo lake la asili ni asilimia 14 tu.

Zilizookoka, nyingi ziliokolewa na umbali. Filamu ilisafirishwa kutoka mji hadi mji mpaka ikafika mwisho wa njia, na gharama ya kuirudisha ikazidi thamani yake, basi ikaachwa hukohuko. Straight Shooting, filamu ya makauboi ya John Ford ya mwaka 1917, ilipatikana Prague. Nyingine yake ya mwaka huo, Bucking Broadway, ilipatikana Ufaransa. Katika mji wa Dawson, kaskazini mwa Kanada, reli 533 zilifukuliwa mwaka 1978 kutoka katika bwawa la kuogelea la zamani lililofukiwa kwa udongo, baridi ya ardhi ikiwa imezitunza. New Zealand nayo ilirudisha nyumbani filamu za Marekani zipatazo 75 katika mwaka 2010. Kwa hiyo urithi wa taifa tajiri kuliko yote duniani ulitunzwa na vibanda na mabwawa ya watu wa mbali ambao hawakuombwa kuutunza.

Hart mwenyewe alikuwa na bahati kuliko Mix, kwa maana nyingi kati ya filamu zake zingalipo. Bahati yake nyingine ilikuwa imekwisha mapema. Kufikia 1920 watazamaji walianza kumchoka. Mix alivaa mashati ya madoido na kofia nyeupe kubwa, farasi wake Tony alijua michezo, na kila kitu kilikuwa mbio na kicheko. Hart akabaki na vumbi lake na uso uleule. Desemba 1921, akiwa na miaka 57, alimwoa mwigizaji Winifred Westover, aliyekuwa na umri wa chini ya nusu ya wake. Baada ya miezi michache wakatengana, ilhali mtoto wao wa kiume, pekee aliyemzaa, alikuwa hajazaliwa. Wenye kampuni walimtaka akubali kuongozwa katika uchaguzi wa hadithi zake. Alikataa, wakaachana.

Alitia jitihada zake katika filamu moja ya mwisho, Tumbleweeds, mwaka 1925. Inahusu siku ile ya Septemba 1893 ambapo ardhi ya Cherokee Strip huko Oklahoma ilifunguliwa kwa walowezi, na maelfu ya watu wakasimama kwenye mstari, mzinga ukalia, wakatimka kugombania viwanja. Mabehewa, baiskeli, farasi, wote kwa pamoja. Nadhani hakuna mbio nyingine katika sinema ya kimya zinazolingana na hizo. Msomaji wa nchi hii aliyewahi kusikia habari za walowezi na ardhi iliyosemekana kuwa haina mwenyewe atazitazama mbio hizo kwa jicho lake. Hart hakuificha kabisa huzuni iliyomo, kwani kabla ya mbio makauboi wanavua kofia wakiwatazama ng'ombe wa mwisho wakiondolewa. Lakini anayevuliwa kofia ni mfugaji. Mcherokee, mwenye jina la ardhi ile, haombolezwi.

Filamu haikusambazwa kama alivyotarajia, na Hart aliishtaki kampuni ya usambazaji, kesi ikachukua miaka kabla ya kupewa haki yake. Hakutengeneza nyingine. Alihamia katika shamba lake la Newhall, kaskazini mwa Los Angeles, akajenga nyumba juu ya kilima na kuijaza picha za wachoraji wa magharibi, akaishi na dada yake Mary Ellen. Aliandika vitabu. Wyatt Earp, askari yule wa mipakani ambaye jina lake limetengenezewa filamu zisizo na idadi, alipofariki Los Angeles mwaka 1929, Hart na Tom Mix walikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake. Fritz alikufa mwaka 1938 akazikwa shambani hapo.

Mwaka 1939 Tumbleweeds ilitolewa tena, ikatiwa muziki, na Hart akaombwa kuitangulizia maneno machache. Alisimama shambani kwake mbele ya kamera akiwa amevaa nguo zake za kazi, mzee wa miaka zaidi ya 70, na kwa dakika zipatazo nane watu wakaisikia sauti ya mtu waliyemtazama kwa miaka kumi na zaidi bila ya kumsikia. Ni sauti ya jukwaani, ya mwigizaji wa Shakespeare, inayotetemeka na kupanda na kushuka kwa namna ambayo sinema ya 1939 ilikuwa imeshaisahau. Anazungumza juu ya furaha ya kutengeneza filamu, kwato na vumbi na upepo usoni. Halafu anamtaja farasi wake, na hapo sauti inakaribia kumkatika.

Alifariki tarehe 23 Juni 1946. Nyumba na shamba aliviacha kwa wilaya ya Los Angeles ili viwe bustani ya watu wote, kwa hoja kwamba fedha alizovijengea zilikuwa senti za watazamaji. Mwanawe alipinga wasia huo mahakamani, asifaulu. Filamu zake za kimya leo hazina hakimiliki nchini Marekani, na kadhaa zinapatikana bure kwenye intaneti kwa yeyote mwenye simu. Atakayetaka kuanza, na aanze na Hell's Hinges, usiku, akiwa peke yake, na ahakikishe kwanza kwamba mwendo wa picha umerekebishwa.